Wimbo wa Msitu Hauishi Ghalani

Kupenda ngoma na kuitunza ngoma ni mambo mawili mbalimbali, na katika nchi yetu la kwanza limestawi sana ilhali la pili limedumaa. Ifikapo sikukuu ya taifa, huletwa uwanjani wazee na vijana wa kabila hili na lile, wamevaa ngozi na shanga, wakaimba dakika chache mbele ya wakubwa, wakapigiwa makofi na kupigwa picha. Kisha lori likawarudisha kwao, wala asitokee mmoja kati yetu tuliofurahi akauliza huko kwao kukoje, na kama mambo yaliyoizaa ile ngoma yangalipo. Nimeazimia katika makala haya kuliuliza swali hilo kwa habari ya nyimbo za msitu wa Mau, ulio jirani na mji wetu wa Molo, na kutoa rai moja ninayoiamini kwa dhati: kwamba wimbo ni mali ya mahali na ya maisha ya watu wa mahali hapo, na kwamba yeyote anayetaka kuuhifadhi wimbo wa msitu hana budi kuanza na msitu wenyewe na haki ya watu wake, ndipo vinasa sauti, maktaba na majukwaa yafuate.

Molo ni mji wa baridi na ukungu, uliokaa kiasi cha mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda za magharibi ya Bonde la Ufa. Watu wa mbali huujua kwa viazi, pareto na nyama ya kondoo. Wenye umri huujua pia kwa reli, ile iliyopanda kutoka Nakuru ikaikata milima ya Mau hata ikafika Kisumu mwaka 1901, na kwa mashamba ya walowezi yaliyoifuata reli. Lakini nchi hii ilikuwa na wenyewe kabla ya yote hayo. Mariashoni, ambayo leo ni wadi katika jimbo letu, na Nessuit iliyo upande wa Njoro, ni maskani ya Waogiek, watu wa msituni tangu zama za kale, ambao jirani zao walizoea kuwaita Wandorobo, jina lenye dharau kwa mtu asiye na ng'ombe. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kupita kidogo elfu hamsini katika nchi nzima, na si wote kati yao ambao bado husema lugha ya wazee wao, kwa kuwa wengi wamehamia katika Kikipsigis, Kinandi au Kimaasai, lugha za jirani walio wengi kuliko wao.

Maisha ya Waogiek yalijengwa juu ya asali. Kila ukoo ulikuwa na konoito yake, yaani kipande kirefu cha ardhi kilichoanzia nchi ya chini penye vichaka, kikapanda kikayapita matabaka ya msitu mmoja baada ya mwingine hata kikafika juu penye mianzi; na kwa sababu maua huchanua kwa zamu katika matabaka hayo, nyuki waliyafuata maua, na watu wakawafuata nyuki, wakipanda na kushuka kwa majira, wakiitazama mizinga yao ya magogo iliyolazwa juu ya matawi ya miti mirefu. Asali ilikuwa chakula cha nyumbani na akiba ya safarini. Ilikuwa bidhaa ya kubadilishana na Wamaasai na Wakipsigis. Ilikuwa sehemu ya mahari. Na pombe iliyotengenezwa kwa asali ilikuwamo katika baraka za wazee, wala hapakuwa na sherehe iliyotimia bila hiyo. Mtu akisema kwamba Mwogiek bila asali ni maskini, amesema kweli nusu. Kweli iliyobaki ni kwamba bila asali hawezi hata kumbariki mtoto wake kama alivyobarikiwa yeye.

Katika maisha ya namna hiyo muziki haukuwa kazi ya kando wala burudani ya jioni peke yake. Mwana wa Kiogiek aliimbiwa katika daraja zote za umri wake, tangu anyolewe nywele zake za utotoni, akatogwa masikio, akaingia jandoni au unyagoni, hata akaoa au akaolewa. Ala kuu ilikuwa sauti ya binadamu: mmoja hutangulia kwa maneno, wenziwe wakapokea kiitikio, miguu na makofi yakashika mizani, na usiku ukasonga hata alfajiri. Corinne Kratz, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu aliyeishi miaka mingi na Waogiek wa upande wa Narok, alitoa mwaka 1994 kitabu kizima juu ya sherehe za wasichana wao, akaonyesha kwa subira kubwa jinsi nyimbo, hotuba, mavazi na machozi ya jamaa yanavyoshikamana katika kumgeuza mtoto kuwa mtu mzima. Ukiutoa wimbo mmoja katika mpango ule ukauweka peke yake jukwaani, mahadhi yake utayasikia, lakini kazi yake hutaiona, maana kazi yake ilikuwa kwa msichana fulani, mbele ya mama na baba na mjomba fulani, katika usiku ambao hautarudi.

Nao Waogiek hawakuimba katika upweke. Upande wa kusini wako Wamaasai, ambao kama wao hawategemei ngoma za kupiga, bali humweka mtangulizi wao aitwaye olaranyani, na chini ya sauti yake wanaume wakaunguruma kwa pumzi hata ardhi ikaonekana kutetema. Upande wa magharibi wako Wakipsigis na kinubi chao waitacho chepkong'o au kibugandet, ambacho ni ndugu wa obokano ya Wakisii, nyatiti ya Wajaluo na litungu ya Wabukusu, kiasi kwamba mtu akitoka Molo akashuka kuelekea ziwani, hutembea kutoka ukoo mmoja wa nyuzi hadi mwingine. Na hapa mjini kwetu wamo Wakikuyu, walioletwa na kazi za mashamba ya walowezi na kisha na mipango ya makazi baada ya uhuru, nao walikuja na nyimbo zao: gicaandi, yaani kibuyu cha kutikisa kilichochorwa alama ambazo mwenye elimu yake huzisoma na kuzighani katika majibizano ya mafumbo, na baadaye mwomboko, ngoma ya kodiani na chuma cha kugonga iliyowachangamsha vijana wa miaka ya arobaini. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipoandika riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ iliyotoka mwaka 1980, hakuona msimulizi bora kuliko mpiga gicaandi.

Nayataja haya kwa makusudi, kwa sababu Molo imejulikana katika magazeti kwa mambo machungu, hususan mapigano ya mwaka 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007, na mgeni angedhani kwamba makabila ya hapa hayana walichopokezana ila mishale na moto. Si kweli. Yamepokezana mbegu, wake, maneno, dawa na lahani kwa muda mrefu kuliko umri wa siasa zetu, na mtoto aliyelelewa hapa huusikia utajiri huo wote kabla hajajua kwamba wakubwa wameugawa.

Wala hali hii si yetu peke yetu. Katika milima ya Himalaya, chini ya mlima Kanchenjunga ambao ni wa tatu kwa urefu duniani, huishi Walepcha, watu wachache waliozungukwa na jirani walio wengi kuliko wao, wakiwamo Wabhutia, Walimbu, Warai na Watamang. Husimulia kwamba mtu wa kwanza na mke wake waliumbwa kwa theluji safi ya mlima ule. Wanazo filimbi za mianzi, na kinanda kidogo cha nyuzi tatu kiitwacho tungbuk. Na jirani zao Watamang wana damphu, ngoma ya mkononi ambayo nyimbo zao za selo haziimbwi bila hiyo. Katika harusi za Walepcha huimbwa habari ya mito miwili, Rongnyu na Rangeet, iliyopendana ikaagana kukutana bondeni, kila mmoja ukishika njia yake, mmoja ukiongozwa na nyoka na mwingine na ndege; na mito hiyo iko, mtu aweza kwenda kuitazama mahali inapoungana. Na mtu wao akifariki, kuhani wao huifuatisha roho kwa maneno ya kughani, akiipitisha katika vilele, maziwa na mapango ya ukoo wake hata iwafikie wahenga mlimani. Kila ukoo una kilele chake, ziwa lake na njia yake.

Tazama basi jambo lililo katika desturi hiyo. Ghani ile ni ramani, na ramani hiyo haina maana isipokuwa vilele, maziwa na mito yake ingalipo, tena ingali mikononi mwa watu waitambuao. Ndiyo maana ilipokuja mipango ya kujenga mabwawa mengi ya umeme katika mto Teesta, ndio huo Rongnyu, na vijito vyake, hata ndani ya Dzongu, bonde lililotengwa kwa ajili ya Walepcha, vijana wao walianza mwaka 2007 kugoma kula katika mji wa Gangtok, na baadhi ya miradi ikafutwa. Wengine waliwaona kuwa ni watu wanaopinga maendeleo kwa sababu ya hadithi. Lakini Oktoba mwaka 2023 ziwa la barafu lilipasuka juu milimani, mafuriko yakalichukua bwawa kubwa la Chungthang, na watu wengi wakapotea. Na ikadhihirika kwamba wale waliouheshimu mto katika nyimbo zao walikuwa wakiijua tabia yake.

Katika watu hao alitokea Sonam Tshering Lepcha, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2020, mwanajeshi wa zamani aliyeiacha bunduki akashika filimbi, akatembea vijijini akikusanya nyimbo na ala, akaifanya nyumba yake ya Kalimpong kuwa makumbusho, na Serikali ya India ikamtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2007. Ninalolisifu zaidi katika kazi yake ni kwamba mkusanyaji alikuwa mwenyewe mwenye mali: alizikusanya nyimbo za watu wake, miongoni mwa watu wake, akawafundisha vijana wa watu wake. Sisi hatukubahatika hivyo, kwa kuwa mkusanyaji wetu mkubwa alikuwa mgeni, naye alizichukua sauti zetu akaenda nazo mbali.

Mgeni huyo ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyekwenda Rhodesia ya Kusini mwaka 1921 kulima tumbaku, akanaswa na nyimbo za vibarua, akatumia umri wake wote kuzunguka Afrika na mitambo ya kunasia sauti. Mwaka 1950 alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, upande wa pili wa Mau, na huko akanasa wimbo uliokuja kujulikana ulimwenguni kwa jina la Chemirocha. Kabla ya hapo gramafoni ilikuwa imekwisha kufika vijijini pamoja na santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyefariki mwaka 1933. Wasichana wa Kikipsigis wakalisikia jina lake, wakalitamka kwa ulimi wao, wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu swala, wakamtungia wimbo kwa kinubi chao. Tracey alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo, na ile ya wasichana ndiyo iliyopendwa kuliko zote.

Napenda sana kisa hiki, kwa kuwa kinawajibu watu wa namna mbili. Kinawajibu wale wasemao kwamba muziki wa asili hufa mara uguswapo na mambo mapya. Maana wasichana wale walimpokea mgeni kutoka ng'ambo, wakamvika maumbile ya mbuga zao, wakamwimba kwa nyuzi zao, na wimbo ukawa wa Kikipsigis kabisa. Tena kinawajibu wale wadhanio kwamba kuhifadhi ni kugandisha, kana kwamba kijana wa Mariashoni akishika gitaa amewasaliti wazee. Desturi iliyo hai hula chakula kigeni ikanenepa. Sharti lake ni moja tu, kwamba iwe na nyumba yake yenyewe ya kumpokelea mgeni: iwe na lugha inayosemwa, sherehe zinazofanywa, na vijana na wazee wanaokaa pamoja. Wasichana wa Kapkatet walikuwa na nyumba hiyo, na ndiyo maana gramafoni haikuwameza.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ijulikanayo kwa kifupi kama ILAM, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Kwa miaka sitini sauti za Kapkatet zilikaa huko na katika santuri zilizouzwa Ulaya na Marekani, ilhali jamaa za waimbaji hawakuwa hata na nakala. Mwaka 2014 maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilianza kuzirudisha sauti kwa wenyewe, na watu wakasikia tena waliyoyaimba wao au wazee wao. Hilo ni jambo la insafu, nami nalishukuru bila kusita. Asiyethamini kazi ya kunasa sauti na afikiri ni nyimbo ngapi za Mau zimezikwa pamoja na bibi zetu kwa kukosa mtu wa kuzinasa.

Hata hivyo shukrani isitufumbe macho. Sauti iliyonaswa huweza kukumbusha, kufundisha na kushuhudia. Haiwezi kubariki mtoto. Haiwezi kubadili maneno kwa ajili ya bibi arusi wa leo, wala kumkemea kijana mlevi kwa jina lake, wala kuongeza beti juu ya ukame wa mwaka huu. Hayo hufanywa na wimbo ulio kinywani mwa mtu aliye mahali pake, na mahali penyewe ndipo penye shida yetu.

Tangu utawala wa kikoloni Waogiek wameamriwa kutoka msituni mara baada ya mara. Kamisheni ya Ardhi ya Carter, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1932, ilishauri kwamba watu hawa wahamishiwe katika hifadhi za makabila makubwa, kana kwamba ulimwengu hauna nafasi kwa watu wadogo isipokuwa tumboni mwa wakubwa. Baada ya uhuru msitu ukabaki mali ya Serikali, nao wakahesabiwa kuwa wavamizi katika nchi ya babu zao. Mwezi Oktoba mwaka 2009 walipewa ilani ya siku thelathini waondoke. Shauri lao likapanda ngazi kwa ngazi hata likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, ambayo mnamo tarehe 26 Mei 2017 ilitoa hukumu kwamba Kenya imevunja haki zao, na miongoni mwa haki zilizotajwa ilikuwamo haki ya ardhi, haki ya dini na haki ya utamaduni, zote zikiwa zimeshikamana na msitu wa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyohiyo iliamuru walipwe fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara ya nafsi, na ardhi yao ya asili itambuliwe kwa hati. Utekelezaji umekawia mno, na mwezi Novemba mwaka 2023 nyumba za Waogiek wa Sasimwani, upande wa Narok, zilibomolewa tena.

Kuna hoja inayopaswa kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa wanaoitoa si watu wabaya. Husema hivi: Mau ni chemchemi ya maji ya nchi, kutoka humo hutoka Mto Molo uendao Baringo, Mto Njoro uendao Ziwa Nakuru, Mto Mara, Sondu na mingine, basi watu wote na watoke, wawe Waogiek au wengineo, ili mamilioni ya walio chini wapate kunywa. Nami nakubali kwamba maji ni uhai na kwamba msitu umeharibiwa vibaya: kikosi kilichoundwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kilitoa taarifa mwaka 2009 kwamba kiasi cha robo ya Mau kilikuwa kimepotea katika muda usiozidi miongo miwili. Lakini ni nani aliyeupoteza? Sehemu kubwa zilikatwa kwa amri rasmi mwaka 2001 zikagawiwa watu, wengine wakiwa ni wakubwa ambao hawakuwa na haja wala haki. Sehemu nyingine, tangu enzi za walowezi, zilifyekwa miti ya kiasili ikapandwa misonobari na misaipresi kwa ajili ya viwanda vya mbao vya Elburgon na kwingineko, miti ambayo nyuki hapati kwayo chakula cha kutosha. Mahakama ya Arusha iliichunguza hoja hii, na haikuona ushahidi kwamba kuwapo kwa Waogiek ndiko kulikouangamiza msitu. Mtu ambaye chakula chake, dawa yake na baraka yake hutegemea maua ya mti ana sababu gani ya kuukata?

Ninao ushahidi mwingine, nao ni wa hapa karibu. Mwaka 2006 huko Nessuit, wajumbe wa koo za Waogiek, wazee kwa vijana, walikusanyika wakatengeneza kwa mikono yao sanamu kubwa ya nchi yao, ikionyesha mabonde na vilima kwa umbo lake, wakaijaza kwa kumbukumbu zao majina ya mito, mipaka ya koo, mahali pa mizinga na aina za miti kama ilivyokuwa zamani. Vijana walioshiriki walijifunza katika siku chache mambo ambayo shule haikuwafundisha kwa miaka. Elimu ile haikuwa imekufa. Ilikuwa imenyimwa nafasi. Mimi naamini kwamba nyimbo ziko katika hali ileile: zimo vifuani mwa watu, zikingoja sababu ya kutoka, na sababu hiyo ni maisha yenyewe yakiruhusiwa kuendelea.

Sitaki kuzitukuza desturi zote bila kuchagua, maana mpenzi wa kweli wa jambo huyaona na machungu yake. Nyimbo nyingi zilizo nzuri kabisa za Mau zilitungwa kwa ajili ya unyago, na unyago ule ulikuwa na kisu ndani yake. Sheria ya mwaka 2011 imekataza ukeketaji, na imefanya haki. Hakuna wimbo unaolingana kwa thamani na mwili wa mtoto. Lakini katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa akina mama wenyewe wameonyesha njia, wakiwakusanya wasichana kwa mafunzo ya utu uzima, wakiwavika, wakiwaimbia na kuwabariki, na kisu kikaachwa nje. Hivi ndivyo wenye desturi waitengenezavyo kwa hiari yao. Tena zipo nyimbo za jandoni na za dua ambazo si halali kusikiwa na kila mtu. Huo ni mpaka wa wenyewe, na mwenye kinasa sauti akikatazwa na akubali kukatazwa, kwa kuwa siri ya watu si mali ya maktaba.

Zipo taasisi ambazo tungeweza kuzitumia vema zaidi kuliko tunavyozitumia. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, huwafikia watoto wa shule katika kila pembe ya nchi, na wengi wetu tuliionja ngoma ya kabila lisilo letu kwa mara ya kwanza katika mazoezi yake. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, imewapa wachezaji mshahara na heshima. Lakini mashindano yana amri zake: wimbo wa usiku mzima hukatwa ukatosha dakika chache, mistari hunyoshwa, tabasamu hupimwa, na mwamuzi ambaye hajui lugha huwapa alama waimbaji ambao nao mara nyingi hawaijui. Mtoto hushinda kikombe kwa wimbo wa Kiogiek bila kumwuliza Mwogiek yeyote maana yake, ijapokuwa wazee wa Mariashoni wako umbali wa safari fupi kutoka darasani kwake.

Kwa hiyo natoa mashauri manne, nayo si mazito kwa wenye nia. La kwanza, na pasipo hilo mengine ni pambo tu, hukumu za Arusha zitekelezwe. Waogiek wa Mariashoni, Nessuit na kwingineko wapewe hati za pamoja za ardhi yao, washirikishwe katika kuulinda msitu, na miti ya kiasili irudishwe mahali pa misonobari kila inapowezekana. La pili, serikali ya Kaunti ya Nakuru itumie sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, ifungue daftari ya nyimbo na ala za watu wake, na kila anayekuja kunasa sauti apate kwanza idhini ya wenyewe, aache nakala, na faida ikipatikana igawanywe. La tatu, shule za Molo, Elburgon, Turi na Mariashoni zitumie nafasi ambayo mtaala mpya umezipa lugha za kienyeji katika madarasa ya chini, wazee waitwe darasani kama walimu na walipwe kama walimu, kwa kuwa hatuwezi kuuita urithi kuwa ni hazina huku tukimlipa mlinzi wake kikombe cha chai. La nne, redio zetu za Bonde la Ufa, ambazo huimba mchana na usiku, ziwape watunzi vijana wa lugha ndogo saa ya haki, si ya usiku wa manane, wapate kumchanganya Chemirocha wa zama hizi na nyuzi zao wapendavyo.

Mashauri hayo ni kwa wenye mamlaka. Lakini liko na letu sisi wakazi wa kawaida. Mkikuyu wa Molo, Mkalenjin wa Kuresoi, Mkisii wa Turi na Mwogiek wa Mariashoni hunywa maji ya mlima mmoja, na kila mmoja wao ana nyimbo ambazo mwenzake hazijui. Katiba ya mwaka 2010 imesema kwamba utamaduni ndio msingi wa taifa, na tena imempa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake. Nayo haki hiyo, kama haki nyingine zote, hulindwa kwanza na jirani kabla haijalindwa na hakimu. Jirani atetee hati ya ardhi ya mwenziwe kwa sauti ileile aliyoishangilia ngoma yake. Hilo halihitaji bajeti wala kamati. Linahitaji ujasiri wa kusema hadharani, katika mikutano ya wadi, kanisani, sokoni na mbele ya wagombea wa kura, kwamba watu hawa ni wenyeji, kwamba msitu ni wao, na kwamba nchi inayojivunia nyimbo zao uwanjani inawiwa kuwaacha wakae mahali zinapotungwa.